Samaki wa hapa hapa: nani mwenyeji na nani mgeni Ziwa Victoria

Rafiki yangu alishuka Mwanza kwa ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, na saa saba mchana tulikuwa tumeshakaa kwenye mgahawa mmoja kando ya maji, upande wa Capri Point. Mhudumu hakumaliza hata kutaja vilivyopo jikoni. "Dada, sangara niache naye," rafiki yangu akamkatiza. "Nasikia huyo aliletwa na Wazungu akamaliza samaki wote wa ziwa. Mimi nipe sato, samaki wa hapa hapa."

Nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa na njaa na somo lenyewe ni refu. Sato akaja mzima, amechanjwa mbavuni, amekaangwa mpaka mapezi yanavunjika mdomoni, pamoja na ugali, kachumbari na kisahani cha dagaa wa kuonja. Pale mezani mwenyeji wa Ziwa Victoria alikuwa mmoja tu, naye ni dagaa.

Sato naye aliletwa. Aliletwa miaka ile ile ya 1950 aliyoletwa sangara, na alichomfanyia ngege, ambaye ndiye ndugu yake wa asili katika ziwa hili, hakipungui sana kile sangara alichowafanyia furu, vile visamaki vidogo vya asili. Sangara alikuja kwa kishindo, akapewa jina la mharibifu. Sato aliingia kwa upole, akapewa uenyeji. Tukitaka kuelewa nini hasa kilitokea ndani ya maji haya, lazima tumwangalie na huyu mpole.

Kwanza tulitoe njiani suala la jina, maana wengi hukwama hapo. Jina la kisayansi la sangara ni Lates niloticus, na la sato ni Oreochromis niloticus. Wote wawili wameandikishwa kuwa samaki wa Nile. Na Nile si inaanzia hapa hapa, inatoka ziwani kwetu pale Jinja? Sasa samaki wa Nile atakuwaje mgeni Ziwa Victoria?

Jibu liko kaskazini magharibi mwa Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison. Pale mto mzima unabanwa ndani ya ufa wa mwamba wenye upana wa mita chache tu, kisha unaporomoka zaidi ya mita 40. Samaki anaweza kutelemka na maji akabaki mzima, kupanda hawezi. Chini ya maporomoko hayo, kwenye Ziwa Albert, sangara na sato walikuwepo tangu zamani. Juu yake, Kyoga na Victoria, hawakuwepo. Maji yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima, hayana tofauti kubwa na ya kwao Albert. Ulaya mtu akimtupa mtoni samaki wa nchi za joto, kipupwe kikija kinammaliza. Huku hakuna baridi ya namna hiyo. Ukuta pekee ulikuwa ule mwamba, na siku binadamu alipowabeba kwa ndoo kuuvuka, hakukuwa tena na cha kuwazuia. Walinganishe na trauti, ambao wakoloni waliwatia kwenye vijito vya milimani ili wapate kuvua kwa ndoano siku za mapumziko. Hao wamebaki huko huko kwenye baridi yao, hawajawahi kutelemka kutusumbua.

Kuna mbishi mmoja atasema: lakini visukuku vya samaki wa jamii ya sangara vimechimbuliwa katika bonde hili hili. Ni kweli, na ni vya mamilioni ya miaka. Ila ziwa tulilonalo leo lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, ndipo likajaa upya. Samaki tunaowaita wa asili ni wale waliotokea baada ya maji kurudi.

Na walikuwa wa namna nyingi. Ngege ndiye aliyekuwa samaki wa biashara na wa heshima, na mbiru akamfuata. Ningu walipanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Kambale, kamongo na gogogo kila mmoja alikuwa na mahali pake. Lakini ukihesabu kwa uzito, ziwa lilikuwa la furu. Utafiti wa nyavu za kukokota uliofanywa miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 ulionyesha kwamba katika kila kilo 10 za samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa, kilo kama 8 zilikuwa furu. Jina ni moja lakini aina zilizidi 500, wengi wao wasiozidi urefu wa kiganja. Walikuwepo waliokula mwani, waliovunja konokono kwa meno ya kooni, waliobandua magamba ya wenzao. Wengine kazi yao ilikuwa kumvizia jike aliyebeba vitoto mdomoni, wamlazimishe avitapike, wavile. Kwa afisa wa uvuvi wa kikoloni, utajiri wote huo ulikuwa takataka: visamaki vidogo, vya miba, visivyojaa sahani.

Matatizo yalianza kabla ya mgeni yeyote kuingia majini. Mwaka 1905 nyavu za makila zilifika upande wa Kisumu, na katika muda usiozidi miaka 20 ngege walikuwa wameanza kupungua nyavuni. Mwingereza Michael Graham alitumwa kulipima ziwa mwaka 1927 na 1928. Alipendekeza macho ya nyavu yasiwe madogo kupita inchi 5, na katika ripoti yake akaonya kwamba kuleta humu samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine ni hatari kubwa mno. Onyo likawekwa kabatini. Ngege walipozidi kupungua, dawa iliyoonekana rahisi ilikuwa kuongeza samaki: kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakatiwa ziwani jamaa wanne wa ngege kutoka kwingine, sato akiwa mmoja wao. Kisha akaja sangara. Inaelezwa kwamba alitiwa kimya kimya upande wa Uganda mwaka 1954, wakati wanasayansi bado wanabishana kama aletwe au la. Mwaka 1960 akaanza kunaswa ziwani, na mwaka 1962 na 1963, kwa kuwa tayari ameshaingia, wakaongezwa wengine rasmi, Uganda na Kenya. Hoja ilikuwa kwamba atawageuza wale furu wasio na maana kuwa nyama ya kueleweka, na pia atawapa mabwana wakubwa samaki wa kuvutana naye kwa ndoano.

Halafu, kwa karibu miaka 20, kimya.

Kimya hicho ndicho fundo gumu zaidi katika habari hii yote, na ndicho wasimulizi wengi hukiruka. Kama sangara ni jini la kula kila kitu, mbona hakula miaka ya 1960? Aliongezeka ghafla kwanza upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, huko wanamwita mbuta, kisha Uganda, Ghuba ya Mwanza ikapata zamu yake baada ya 1983. Maelezo yanayonishawishi ni haya: furu wenyewe ndio waliomzuia. Yai la sangara huelea, na kitoto chake ni kidogo kuliko punje ya mchele. Katika maji yaliyojaa mamilioni ya furu wenye njaa, kitoto hicho ni chakula, na kikipona kinagombea vidudu vile vile wanavyokula furu. Mlango ulikaa umefungwa hadi furu walipoanza kupungua kwa sababu nyingine. Hapa Mwanza sababu mojawapo inajulikana: katikati ya miaka ya 1970 kilianzishwa kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo, na meli za kukokota nyavu zikawa zinawazoa ghubani kila siku. Furu wakapungua, vitoto vya sangara vikapona, vikakua, vikawala furu waliobaki, vikapona vingi zaidi.

Waliolishuhudia hili kwa karibu walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliofika Mwanza mwaka 1977 na kufanya kazi na wenzao wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, kuchunguza furu wa ghuba. Walikuja kuhesabu mali, wakajikuta wanaandika tanzia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 nyavu zao, zilizokuwa zinapanda zimejaa furu, zilikuwa zinapanda na sangara na dagaa. Aina kama 200 za furu, pengine zaidi, hazikuonekana tena.

Kwa kawaida mla nyama akimaliza windo naye hufa njaa, na ndivyo baadhi ya wataalamu walivyotabiri: sangara atajimaliza mwenyewe. Hakujimaliza. Nilielewa sababu siku nilipokaa karibu na mama mmoja anayepasua samaki pale Igombe. Aliingiza kisu chini ya taya ya sangara wa kilo tatu hivi, akakishusha mpaka mkunduni, akavuta tumbo nje na kulikamua kwa dole gumba juu ya ubao. Vikatoka vijidudu vyekundu-vyekundu vya kama nusu kidole, ni uduvi wa ziwani. Kisha dagaa wawili. Kisha samaki mmoja mwenye urefu wa kiganja, ngozi yake imeshaanza kuyeyuka, ila jicho bado linaonekana. "Huyu mwanawe," mama akasema bila kushangaa, akamtupia paka. Huyo ndiye sangara. Furu walipokwisha aligeukia uduvi na dagaa, ambao nao walikuwa wameongezeka baada ya furu kutoweka, na penye upungufu akala watoto wake.

Sasa, je, ni sangara peke yake aliyewamaliza furu? Hapana, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Kuna furu wawili wanaoishi kwenye miamba ya visiwa vya ghuba yetu ambao wanasayansi wamewapa jina la Kiswahili kabisa: Pundamilia. Ni kwa sababu ya mistari yao. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, dume lake la buluu. Mwenzake, ambaye dume lake huwaka nyekundu mgongoni, anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. (Nimewauliza walimu wangapi wa biolojia hapa mjini swali hili, na wangapi walijua! Tuna samaki mwenye jina la Baba wa Taifa nje ya dirisha la darasa.) Majike wa aina hizi mbili wanafanana kama mapacha. Jike humtambua dume wa kwao hasa kwa rangi: nyekundu aende, buluu apite. Watafiti waliwaweka maabara chini ya taa ya rangi ya chungwa iliyofuta tofauti ya buluu na nyekundu, na majike wakaanza kuchagua ovyo. Watoto waliopatikana walikuwa chotara, wazima, wenye uwezo wa kuzaa.

Taa ile ya maabara ipo pia ziwani, na jina lake ni uchafu. Mbolea na udongo wa mashambani vinashushwa na mito, maji taka ya miji nayo yanaingia, na moshi wa kuchoma misitu na mashamba unanyesha na mvua ukiwa na virutubisho ndani yake. Mwani mdogo usioonekana kwa jicho unanenepa juu ya yote hayo, maji yanageuka kijani, na mwanga unaofika chini unabadilika rangi. Kwenye kisiwa cha Makobe, nje ya ghuba, maji bado ni maangavu kiasi, na Pundamilia hao wawili wanaishi jirani kila mmoja na wake. Ukiingia ndani ya ghuba hadi kisiwa cha Luanso, kwenye maji ya tope, hukuti wawili. Unakuta mmoja, wa rangi isiyo huku wala kule. Hakuna aliyeliwa pale. Aina mbili zimeyeyuka zikawa moja kwa sababu ya giza. Mwani huo huo ukifa na kuozea chini hunyonya hewa ya oksijeni, na maji ya kina kirefu yanakuwa hayakaliki.

Kwa hiyo furu walipigwa kutoka pande tatu: nyavu, meno na giza. Na hawakwisha wote. Tangu miaka ya 1990, sangara wakubwa walipoanza kuvuliwa mno, baadhi ya furu wamerudi ghubani, na wengine wamerudi wamebadilika. Yupo mmoja wa maji ya wazi ambaye mashavu yake sasa yana eneo kubwa la kuvutia hewa kuliko babu zake waliohifadhiwa kwenye chupa mwaka 1978. Miaka 20 hivi tu.

Sato hakuhitaji kishindo chochote. Yeye hukua haraka kuliko ngege, huwa mkubwa kuliko ngege, na hachagui chakula: mwani, wadudu, uduvi, mabaki ya chini, vyote halali. Ngege ni mchuja mwani, tena wa aina fulani. Maji yalipogeuka kijani kwa mwani wa aina nyingine, sato akaendelea kunenepa na ngege akakonda. Mazalia yenye kina kifupi, kwenye matete, sato na wale wageni wenzake wakayajaza. Kisha wakaoana. Sato na ngege ni wa jamii ya karibu kiasi cha kuzaa watoto wanaozaa, na damu ya ngege ikawa inachujwa kidogo kidogo ndani ya damu ya sato. Leo ukimtaka ngege kamili unamtafuta kwenye viziwa vya pembeni ambako wageni hawajajaa, kama Kanyaboli kule Kenya. Au uende Bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Kilimanjaro, ambako alipandikizwa zamani hizo hizo za kuhamishahamisha samaki. Kule, kwa taarifa yako, yeye ndiye mgeni.

Kuwatofautisha ni rahisi ukijua pa kuangalia. Mshike sato, umpanue mkia kwa vidole viwili kama unavyofungua upepeo. Utaona mistari myembamba iliyosimama, mmoja baada ya mwingine, kuanzia shina la mkia hadi ukingoni, wima kama nondo za dirisha. Ngege hana. Mkia wake ni wa rangi moja, kijivu tu, na kichwa chake ni kidogo ukilinganisha na mwili. Nilimwonyesha rafiki yangu pale pale mezani, ingawa kwa sato aliyekwisha kukaangwa mistari ilionekana kwa shida, akaniambia niache kumharibia chakula.

Kuna wanaouliza, basi kwa nini wageni hawa wasitolewe? Swali hilo huulizwa zaidi na watu wasiokaa Mwanza. Kwanza haiwezekani: ziwa lina karibu kilomita za mraba 69,000. Pili, mji huu umejengwa juu ya mgongo wa sangara. Samaki wote waliovuliwa Ziwa Victoria miaka ya 1970 walikuwa takriban tani 100,000 kwa mwaka. Kufikia 1990 walikaribia nusu milioni, sehemu kubwa wakiwa sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulipoizuia mara kadhaa kwa sababu za usafi na za wavuvi waliotumia sumu, mji ulisikia njaa. Vichwa na mifupa vilibaki hapa kwa jina la mapanki. Kayabo, sangara wa chumvi, huvuka mpaka kwenda Kongo. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, huenda China, na kwa uzito sawa bondo ni ghali kuliko nyama yenyewe mara nyingi sana.

Lakini faida hiyo ilibadilisha mikono. Furu alikuwa samaki wa kuanika juani: mama yeyote mwenye mkeka na jua alikuwa na biashara. Sangara ana mafuta, hakauki juani. Anataka barafu, au chumvi, au moto, na moto unataka kuni. Ndiyo maana ukizungumza na bibi wa Ukerewe kuhusu sangara humsikii akisema habari za aina 200. Atakuambia habari za mkeka.

Serikali sasa inamlinda mgeni kwa sheria. Sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, nyavu za makokoro na timba ni haramu, na mwaka 2018 operesheni iliyopewa jina la samaki huyu huyu ilichoma nyavu nyingi hadharani. Sato anafugwa kwenye vizimba vinavyoelea, unaviona hata ukiwa juu ya kivuko. Sina ugomvi na vizimba, chakula kinatakiwa. Ila kizimba kikipasuka, anayeingia ziwani si mwenyeji anayerudi kwao.

Jioni ile nilimpeleka rafiki yangu Luchelele, tukamkuta mzee mmoja anakung'uta nyavu zake juu ya jiwe. "Mwangaluka, baba," nikamsalimia kwa Kisukuma cha asubuhi, akacheka kwa kuwa jua lilikuwa linazama, akaitika hivyo hivyo. Nikamuuliza kama siku hizi anapata ngege.

"Wachache, mwanangu. Lakini leo una bahati." Akainua kifuniko cha ndoo, akatoa samaki mmoja mnene, bado anapumua, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayempa mwenzake mtoto. "Huyu. Huyu ndiye tuliyekulia."

Nikamshukuru. Nikampanua mkia taratibu, nikauelekeza kwenye mwanga. Mistari ilikuwepo, wima, mpaka ukingoni. Rafiki yangu alikuwa ameinama begani kwangu.

"Ndiye?" akauliza.

Mzee alikuwa anatutazama. "Ndiye," nikasema, nikatoa hela.